Wamongoli, Mirambo na Kalamu ya Mwandishi

Wasomi wa tarehe ya Kiislamu wamjua vema Ibn al-Athir wa Mosul, aliyefariki mwaka 1233. Alipofika katika habari za mwaka 617 wa Hijra alikiri kwamba kwa miaka kadhaa aliahirisha kuandika juu ya Wamongoli, kwa jinsi msiba ule ulivyomtisha. Juvayni alikuwa katika hali nyingine. Alimtumikia Hulegu, akafuatana naye Alamut mwaka 1256, kisha akapewa kuitawala Baghdad baada ya mji huo kuanguka mwaka 1258. Mauaji ya Khorasan hakuyaficha, lakini aliyaona kuwa hukumu ya Mwenyezi Mungu. Tofauti yao si ya uhodari wa kalamu, bali ya mahali alipoketi kila mmoja.

Kipimo hiki chafaa pia kwa nchi ya Kahama, ilipo Buzwagi. Katika karne ya 19 Watuta, tawi la Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835 pamoja na Zwangendaba, walifanya makao Runzewe, magharibi ya Kahama. Mirambo wa Urambo alishirikiana nao, na mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora. Kwa wafanyabiashara hao alikuwa mnyang'anyi tu. Lakini Tippu Tip alikuwa rafiki yake, na maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, yamtaja kwa heshima. Tena Tippu Tip mwenyewe aliteka nchi za Manyema. Basi hapa mshindi amwandika mshindi mwenziwe. Juvayni, kwa yote, alikuwa mtumishi.

Wanyamwezi na Wasumbwa waliochomewa vijiji hawakupata Ibn al-Athir wao. Ushahidi wao umo katika lugha. Mirambo ni jina la vitani la Mtyela Kasanda, nalo hufasiriwa kuwa "maiti". Rugaruga, jina la wapiganaji wake, liliingia katika Kiswahili, na Wajerumani wakalitumia kwa askari wao wa msaada: neno likatoka kwa mshindi mmoja likaenda kwa mwingine. Mtunga kamusi aandikaye "askari wa kienyeji", akanyamaza hapo, ameketi upande wa Juvayni pasipo kujua. Yampasa kwanza aende Kahama awasikilize wazee, neno hilo walilipokea vipi kwa wazazi wao, na kwa sauti gani.