Watunza-Vitabu wa Papa Warudi Shuleni

Mara nyingi twawasikia watu wazima wakisema: «Kompyuta na intaneti ni mambo ya vijana. Sisi tumekwisha kuzoea kazi yetu ya zamani.» Hata wale wanaotunza vitabu vya parokia na vya shule husema hivyo. Leo twataka kuwaeleza habari za watu waliotunza nyumba ya vitabu yenye sifa kubwa, yaani Maktaba ya Vatikano, huko Roma. Watu hao walikuwa na elimu nyingi. Walakini zaidi ya mara moja iliwapasa kukaa tena kama wanafunzi na kujifunza chombo kipya. Tuone walifanyaje, na kwa sababu gani.

Vitabu vyenye minyororo

Papa Nikolasi V, aliyetawala Kanisa toka mwaka 1447 hata 1455, alipenda sana vitabu, akataka wenye elimu wapate kuvisoma. Lakini aliyeianzisha Maktaba kwa barua rasmi ni Papa Siksto IV, tarehe 15 Juni 1475. Mtunzaji wake wa kwanza aliitwa Bartolomeo Platina. Mwaka 1481 Maktaba ilikuwa na vitabu karibu 3,500 vilivyoandikwa kwa mkono. Vilifungwa kwa minyororo kwenye meza za kusomea. Tusishangae: kukinakili kitabu kimoja kwa mkono ni kazi ya miezi mingi, na kikiibwa, pengine hakipatikani kingine.

Kila kitabu kiliandikwa jina lake katika daftari kubwa. Njia hiyo ilifaa vitabu vilipokuwa vichache. Lakini kadiri miaka ilivyopita, vitabu vya chapa vikaja kwa maelfu. Daftari likiisha kujaa, kitabu kipya kitaandikwa wapi? Ukingoni mwa ukurasa, au katika daftari jingine. Ndipo msomaji hupita daftari hili na hili, naye mtunzaji hutegemea kichwa chake mwenyewe. Mtunzaji akifa, amekwenda na ujuzi wake. Kitabu kimo rafuni, lakini hakuna ajuaye kilipo. Je, kitabu cha namna hiyo hakijapotea?

Papa aliyekuwa mtunza-vitabu

Papa Pio XI aliijua shida hiyo kwa macho yake. Kabla hajawa Papa, mwaka 1922, aliitwa Padri Achille Ratti, naye alitumika miaka zaidi ya ishirini katika Maktaba ya Ambrosiana huko Milano. Kisha akaitwa Roma, na mwaka 1914 akawa mkuu wa Maktaba ya Vatikano. Kwa hiyo, mwaka 1927, shirika la Carnegie la Marekani lilipotaka kusaidia kuitengeneza orodha ya vitabu, yeye alikubali. William Warner Bishop, mtunza-vitabu wa chuo kikuu cha Michigan, alifika kuitazama kazi. Mafundi wengine wa Marekani walikuja Roma kufundisha, na watumishi wa Maktaba wakavuka bahari kwenda kujifunza.

Mmoja wao alikuwa Igino Giordani. Alizaliwa Tivoli mwaka 1894, mtoto wa mwashi. Katika vita vya 1914-1918 alijeruhiwa vibaya. Alipokwenda Marekani alikuwa mtu wa miaka thelathini na zaidi, mwenye mke na watoto, mwandishi aliyekwisha kujulikana. Angeweza kusema: «Mimi ni mwalimu, nifundishwe nini tena?» Hakusema hivyo. Alijifunza kazi ya kadi.

Kadi ni nini? Ni kipande cha karatasi ngumu, chenye urefu wa sentimita 12 na nusu na upana wa 7 na nusu. Juu yake huandikwa jina la mwandishi, jina la kitabu, mji na mwaka wa kuchapwa, na namba ya mahali pake rafuni. Kadi hupangwa kwa kufuata alfabeti katika visanduku virefu. Kitabu kipya kikija, kadi yake huchomekwa mahali pake, na zile nyingine hazisumbuliwi. Ni kitu kidogo kama kiganja, lakini kiliondoa shida ya daftari.

Walakini kadi bila sheria ni fujo. Mmoja akiandika «Agostino» na mwingine «Augustinus», vitabu vya mtakatifu mmoja vitatengana. Ndiyo maana sheria za kuandika kadi zilitungwa, zikachapwa mwaka 1931. Baadaye watunza-vitabu wa Marekani wenyewe waliona ni nzuri, wakazitafsiri katika Kiingereza na kuzichapa mwaka 1948. Kumbe wanafunzi walikuwa wamewafundisha walimu wao!

Mwaka 1929 alikuja mtumishi mwingine, Alcide De Gasperi. Alikuwa mkubwa wa chama cha siasa cha Wakatoliki. Serikali ya Mussolini ilimfunga, na alipotoka kifungoni hakupata kazi kwa urahisi. Maktaba ikampokea. Mtu aliyezoea kusema bungeni akakaa mezani akiandika kadi, moja baada ya moja, mwaka hata mwaka. Baada ya vita, mwaka 1945, akawa waziri mkuu wa Italia. Kazi ndogo haimpunguzi mtu mkubwa.

Tarehe 22 Desemba 1931 sehemu ya jengo la Maktaba ilianguka. Watu watano walikufa, na maelfu ya vitabu yakaporomoka katika vumbi na mawe. Siku kama hiyo ndiyo inayoonyesha faida ya orodha: bila orodha, nani atajua kilichopotea? Kazi haikukoma. Mwaka 1934 Maktaba ilifungua shule ya kuwafundisha watunza-vitabu, nayo ingaliko hata leo.

Kutoka kadi hata kompyuta

Kadi zilitumika zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1984 Padri Leonard Boyle, Mdominiko wa Irlandi, akawa mkuu wa Maktaba. Alikuwa mjuzi wa maandiko ya kale, mtu wa kusoma wino uliofifia. Lakini ni katika wakati wake orodha ilianza kuingizwa katika kompyuta. Kumbe mtu apendaye sana mambo ya kale aweza kuwa wa kwanza kufungua mlango wa mapya.

Tusidhani kwamba kompyuta ilifanya kazi yenyewe. Orodha ya kompyuta huzaliwa kwa mikono ya watu. Herufi moja ikikosewa, kitabu hujificha, kwa maana kompyuta hutafuta neno kama lilivyoandikwa. Kwa hiyo uaminifu uleule wa mtu wa kadi hutakiwa kwa mtu wa kompyuta. Lakini faida ni kubwa: kwa kadi, msomaji sharti afike Roma na kufungua kisanduku, kwa intaneti, huitazama orodha akiwa mbali.

Toka mwaka 2007 hata 2010 Maktaba ilifungwa kwa matengenezo, na vitabu vikatiwa alama ndogo za elektroni, kusudi ijulikane kama kitabu kimewekwa mahali pasipo pake. Kisha ikaja kazi kubwa zaidi: kuvipiga picha vile vitabu vya mkono, vipatavyo 80,000. Mwaka 2014 Maktaba ilipatana na kampuni ya Japani, NTT Data, kuanza na vitabu 3,000. Ikawapasa watumishi kujifunza tena: namna ya kukifungua kitabu kikuukuu bila kukivunja mgongo, taa isiyochoma ngozi, na namna ya kuhifadhi picha zisomeke hata baada ya miaka mingi. Kwa kuhifadhi walichagua namna itumiwayo na wataalamu wa nyota. Leo zaidi ya vitabu 20,000 vyaweza kutazamwa bure kwenye intaneti. Kati yake imo ile Biblia ya Kigiriki ya karne ya nne, iitwayo Codex Vaticanus, mojawapo ya Biblia za kale kuliko zote zilizobaki.

Na sisi huku Kongo?

Ndani ya Maktaba hiyo kuna picha iliyochorwa ukutani. Yamwonyesha Papa Paulo V akimtembelea mgonjwa kitandani. Mgonjwa huyo ni Antonio Manuel Ne Vunda, balozi wa Alvaro II, mfalme wa ule ufalme wa zamani wa Kongo. Aliondoka kwao mwaka 1604, akafika Roma Januari 1608, akafa baada ya siku chache. Miaka mitatu na zaidi ya safari, na siku chache tu za kuuona mji! Leo mkatekista wa Bukavu au wa Kalemie, mwenye simu na mtandao, aweza kuutazama ukurasa wa ile Biblia ya kale kabla uji wake haujapoa.

Tusijidanganye, lakini. Umeme hukatika, mtandao hupotea, na kununua megabaiti kwala fedha ya mboga. Tena intaneti ina maneno ya kweli na ya uwongo yaliyochanganyika kama mchele na mawe. Kwa sababu hiyo twahitaji watu wa kupepeta. Mtunza-vitabu wa parokia akijifunza, humsaidia mwanafunzi asiye na simu, hulipa megabaiti mara moja kwa faida ya wengi, humwonyesha msomaji aliyeandika ni nani, tena lini, na wapi. Akikataa kujifunza, mlango umefungwa. Hauonekani mnyororo, lakini kitabu kimefungwa kama zamani za Platina.

Basi, yafaa tuanze na kidogo. Tuandike orodha ya vitabu vya parokia kwa sheria moja, hata katika daftari la shule. Kisha tumwite kijana ajuaye kompyuta, aketi karibu na mzee ajuaye vitabu, mmoja amfundishe mwenzake. Mzee asione haya. Giordani alivuka bahari kujifunza namna ya kuandika kadi, na kwa kadi hizo watu wengi wakapata kusoma. Chombo hubadilika. Kazi ya kumpa mwenzako kitabu anachokitafuta haibadiliki.