Kisu, Miwani au Kungoja? Historia Fupi ya Macho ya Watoto

Leo tunazungumzia uamuzi mgumu: je, mtoto wako mdogo afanyiwe upasuaji wa macho, au asifanyiwe?

Huenda uko hapa Cheptiret. Umemaliza kukamua na maziwa yamekwenda. Unamtazama mtoto wako na unaona jicho moja linaelekea puani. Au katikati ya jicho, kwenye mboni inayotakiwa kuwa nyeusi, unaona weupe. Kwenye kliniki umeandikiwa barua ya kwenda Eldoret, na neno "upasuaji" limetajwa. Mama mkwe anasema, "Hayo yataisha akikua." Baba watoto anasema tungoje mahindi yauzwe. Wewe unaogopa kisu, unaogopa dawa ya usingizi, na usiku hulali.

Hofu yako si ujinga. Ina historia ndefu. Ukiijua historia hiyo, utajua pia maswali ya kumuuliza daktari.

Tapeli aliyeondoka kabla ya bandeji

Katika karne ya 18 kulikuwa na Mwingereza aliyeitwa John Taylor. Alizunguka miji ya Ulaya akidai kwamba ananyoosha makengeza. Alikata kidogo kwenye jicho lenye makengeza, kisha akafunika kwa bandeji lile jicho lililo sawa. Watu walishangaa: jicho limenyooka! Lakini siri yake ni rahisi. Jicho lililo sawa likifunikwa, lile la makengeza hulazimika kutazama mbele lenyewe. Bandeji ikitolewa, makengeza yanarudi. Wakati huo Taylor alikuwa ameshalipwa na ameshahama mji. Mwaka 1750 alimpasua macho mwanamuziki mashuhuri Bach katika mji wa Leipzig. Bach alibaki kipofu, na mwaka huo huo akafa.

Mama, hapa tunapata swali la kwanza: "Huyu anayetaka kumtibu mtoto wangu, nitampata wapi baada ya wiki moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja?" Mwenye dawa ya macho anayepita sokoni leo na kesho hayupo, usimpe jicho la mtoto.

Kisu cha kwanza, na miwani iliyofuata

Upasuaji wa kweli wa makengeza ulianza tarehe 26 Oktoba 1839 mjini Berlin, Ujerumani. Daktari Johann Dieffenbach alimpasua mvulana wa miaka 7 kwa kukata msuli uliokuwa unavuta jicho kuelekea puani. Nusukaputi ilikuwa bado haijaanza kutumika hospitalini. Ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, mwaka 1846. Habari zilienea na madaktari wengi wakaanza kuiga. Lakini kwa kuwa msuli ulikatwa na kuachwa bila kushonwa, macho mengi yaliyokuwa yakielekea puani baadaye yaligeukia upande wa sikio.

Mwaka 1864 daktari Mholanzi, Franciscus Donders, alichapisha kitabu kilichobadilisha mambo. Alieleza kwamba watoto wengi wenye makengeza ya kuelekea puani wana macho yanayojikaza mno ili kuona vizuri, na kule kujikaza ndiko kunakoyavuta. Mtoto kama huyo akipewa miwani inayomfaa, macho yanaweza kunyooka bila kisu chochote.

Basi swali la pili ni hili: "Je, mtoto wangu amepimwa kama anahitaji miwani kwanza?" Ni swali la haki kabisa. Kuliuliza si kumdharau daktari.

Kwa nini jicho halingoji

Sasa tuje kwenye ule usemi wa mama mkwe, "yataisha akikua." Kwa mtoto wa miezi miwili au mitatu, macho yanaweza kucheza kidogo kisha yakatulia. Wengine huonekana wana makengeza kwa sababu tu ya upana wa pua zao. Lakini makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne lazima yaonwe na mtu wa macho.

Sababu ilijulikana vizuri kuanzia miaka ya 1960. Wanasayansi wawili huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, walifunga jicho moja la vitoto vya paka kwa muda. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima lakini ubongo haukuweza tena kulitumia vizuri. Paka mkubwa aliyefungwa jicho vivyo hivyo hakupata hasara hiyo. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel. Maana yake kwetu ni kwamba mtoto hazaliwi anajua kuona; ubongo unajifunza, na shule hiyo ina muda wake. Jicho lisilotumika utotoni huwa jicho vivu, na likiachwa mpaka mtoto awe mkubwa, hata upasuaji mzuri hautarudisha uwezo wote wa kuona.

Hapa kwetu Afrika Mashariki

Zamani watoto wengi katika nchi zetu walipofuka kwa sababu ya surua na ukosefu wa vitamini A. Chanjo na matone ya vitamini A vimepunguza sana jambo hilo. Sasa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho kuwa na ukungu, ni miongoni mwa sababu kubwa za upofu wa watoto. Ndiyo, hata mtoto anayenyonya anaweza kuzaliwa nao.

Mwaka 2005 utafiti kutoka hospitali ya KCMC, Moshi, ulionyesha kwamba watoto wengi wenye tatizo hilo walifikishwa wakiwa wamechelewa miezi mingi, na wengine miaka. Umbali wa hospitali ulikuwa sababu mojawapo. Utafiti mwingine wa Tanzania, wa mwaka 2008, uliongeza jambo unalolijua wewe mwenyewe: nani ana kauli nyumbani. Mama aliona tatizo mapema, lakini nauli na ruhusa havikuwa mikononi mwake.

Kwa hiyo baba unayesikiliza, nawe mama mkwe, maneno haya ni yenu pia.

Tupime pamoja

Ukiona weupe kwenye mboni, hata kwenye picha ya simu tu, usingoje mahindi. Nenda wiki hii. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, na mtoto aliyezaliwa nao hupasuliwa vizuri zaidi katika wiki chache za mwanzo wa maisha. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto hupona, na ikicheleweshwa huua. Madaktari wakisema jicho moja litolewe ili mtoto aishi, ni uamuzi wenye machozi, lakini kukataa kunaweza kumgharimu uhai.

Ukiona makengeza bila weupe, mtoto achunguzwe ndani ya jicho, maana makengeza yenyewe yanaweza kuwa dalili ya magonjwa hayo mawili. Yakikosekana, kwa kawaida kuna nafasi ya kujaribu miwani, au kufunika jicho lenye nguvu kwa saa atakazosema daktari. Upasuaji ukihitajika, jicho halitolewi nje kama watu wanavyosema. Misuli yake ndiyo inayosogezwa na kushonwa. Wengine huhitaji kurudia. Dawa ya usingizi ina hatari zake, ndiyo maana mtoto hupimwa kwanza, na ndiyo maana unaambiwa asile kwa saa kadhaa. Fuata agizo hilo hata akilia.

Kumbuka pia kwamba kisu si mwisho wa safari. Baada ya kutoa mtoto wa jicho, kuna miwani, kuna kufunika jicho, kuna kurudi kliniki kwa miaka. Asiyerudi anaweza kupoteza faida yote. Kabla hujakubali, uliza: "Tutarudi mara ngapi, na nani atatulipia?" NHIF haipo tena, tangu Oktoba 2024 ni SHA. Jiandikishe mapema, na uulize hospitali ni gharama gani zinazolipwa.

Pa kuanzia ni karibu. Fungua kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto: kina sehemu ya macho, inayouliza kuhusu mboni, kuhusu mtoto kufuata vitu kwa macho, na kuhusu makengeza. Mwombe muuguzi aijaze. Ukipewa barua, panda matatu hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale Eldoret.

Yule mvulana wa Berlin alipasuliwa bila nusukaputi. Wako atalala, na atakapoamka wewe utakuwa hapo. Waswahili walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Usilidharau jicho.

Kwa leo tunaishia hapa. Mtazame mtoto wako machoni jioni hii, kwenye mwanga mzuri. Kwaheri hadi kipindi kijacho.