Mwenye Mawingu Ni Nani?

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Hakuna mtu wa bonde la Ruzizi asiyeyajua maneno haya. Mwezi wa Julai na Agosti mbingu ya Kamanyola huwa tupu, vumbi hutanda njiani, na mkulima huitazama milima akingoja. Wingu la kwanza likitokea, watu hushika majembe. Lakini wingu lile lile laweza kuleta msiba. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Mwezi wa Mei 2023 maji na matope ya mlimani yalifunika Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, wakafa watu zaidi ya 400. Basi si ajabu watu wakiuliza: mwenye mawingu ni nani?

Katika Maandiko Matakatifu wingu ni alama ya Mungu aliye karibu, ingawa haonekani. Waisraeli walipotoka Misri waliongozwa mchana na mnara wa wingu. Mlimani Sinai Musa aliingia ndani ya wingu ili asikie Amri. Siku Bwana wetu alipogeuka sura mbele ya mitume watatu, sauti ya Baba ilitoka winguni. Na siku ya kupaa kwake wingu lilimpokea. Tena wakati wa Majilio Kanisa, likifuata maneno ya nabii Isaya, huyaomba mawingu yamnyeshe Mwenye haki. Huko Ulaya Majilio huja wakati wa baridi kali. Kwetu huja mashamba yakiwa yamelowa. Kwa hiyo mkulima wa Ruzizi anaielewa sala hiyo upesi kuliko wengi.

Lakini palipo na alama ya Mungu, wapo pia wanaotaka kuishika mkononi mwao. Sikilizeni habari ya kale.

Mwaka 816 Agobard alikuwa Askofu Mkuu wa Lyon, katika nchi ya Ufaransa. Watu wa jimbo lake walikuwa wamebatizwa, wakubwa kwa wadogo. Walakini karibu wote walisadiki ya kuwa wako watu wanaoweza kuita mvua ya mawe na radi. Walisimulia pia habari za nchi iitwayo Magonia, ambako merikebu husafiri juu ya mawingu kuja kuchukua mazao yaliyoangushwa na dhoruba. Wengine walilipa sehemu ya mavuno kila mwaka kwa mtu aliyejisifu kwamba anakinga mashamba yao. Agobard aliona uchungu: watu hao hao hawakutoa zaka kwa hiari, wala hawakuwapa sadaka wajane na yatima, ila kwa mkinga dhoruba hawakuhitaji kuhimizwa.

Siku moja walimletea watu wanne waliofungwa minyororo, wanaume watatu na mwanamke mmoja. Walisema hao wameanguka kutoka merikebu za mawinguni, nao wanataka kuwapiga kwa mawe. Askofu hakukasirika tu. Alihojiana nao mpaka ukweli ukashinda, na washitaki wakaona haya. Tena alitafuta kwa bidii mtu aliyeona kwa macho yake dhoruba ikiitwa. Akapata mmoja aliyeapa kwamba jambo hilo ni kweli, akataja mtu, mahali na wakati. Alipoulizwa sana, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwapo. Ndipo Agobard akaandika kitabu kizima kuonya watu wake, akionyesha kwa Maandiko kwamba mvua ya mawe, radi na mvua njema viko mkononi mwa Muumba.

Ndugu wasomaji, tusiwacheke watu wa Lyon. Nilisimama siku moja penye matanga ya mtoto aliyepigwa na radi. Kabla hajazikwa, jina la mjane mmoja, bibi kizee wa jirani, lilikuwa limekwisha tajwa. Nikauliza: nani aliyemwona? Kila mmoja akamwonyesha mwenziwe. Nami niliridhika na kuuliza mara moja tu, nikafunga sala, nikaenda zangu. Usiku ule bibi alihama, akaacha mihogo yake shambani. Hata leo moyo wanisuta, kwa maana Agobard hakuuliza mara moja.

Tumsikilize Bwana mwenyewe. Yakobo na Yohane, aliowaita wana wa ngurumo, walitaka kuita moto wa mbinguni uwateketeze Wasamaria waliokataa kumpokea. Yesu akageuka akawakemea. Na watu 18 walipouawa na mnara wa Siloamu, alisema wazi kwamba hawakuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Tena alifundisha ya kuwa Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Basi anayesema radi imeonyesha mwenye hatia, amepata fundisho hilo kwa mwalimu mwingine.

Kanisa halikutuacha bila sala. Karibu na mwaka 470 Mtakatifu Mamertus, Askofu wa Vienne, mji ulio jirani na Lyon, aliwaamuru watu wake walioogopa misiba wafunge na kuandamana wakisali siku tatu kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Desturi hiyo ilienea katika Kanisa lote, na tangu mwaka 1969 maaskofu wa kila nchi hupanga siku za maombi hayo. Tazameni tofauti. Sala ya Kanisa haina bei, huombea shamba la jirani pamoja na langu, wala haitaji jina la mshitakiwa. Nabii Eliya alipoombea mvua alimtuma mtumishi wake mara saba kutazama bahari, mpaka kikaonekana kiwingu kidogo kama kiganja cha mtu. Hakumtafuta mtu wa kumlaumu kwa mara zile sita za bure.

Akili nayo ni zawadi ya Mungu. Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima kwa satelaiti walitangaza kwamba Kabare, katika Kivu yetu ya Kusini, ni mahali pa pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: radi 205 hivi kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Hewa yenye maji hupanda juu ya milima, mawingu huwa marefu mno, nayo radi huzaliwa humo. Nani angeweza kuzituma zote hizo? Ngurumo zikisikika, tutoke ziwani na shambani, tusijikinge chini ya mti, tuingie katika nyumba imara. Na wenye shule na makanisa waweke vyuma vya kukinga radi.

Mvua za mwaka huu zitakuja, na radi pamoja nazo. Siku msiba utakapoingia kijijini na jina la mtu likaanza kunong'onwa, Mkristu asimame karibu na mtu huyo, aulize kama Agobard: nani aliyeona? Na aulize tena.