Soksi za Buluu: Dhihaka ya Daumier juu ya Wanawake Wenye Elimu

Neno laweza kusafiri kutoka nchi moja hadi nyingine, likafika limegeuka maana. Katika karne ya 18 Bibi Elizabeth Montagu wa London alikuwa akiwakaribisha nyumbani kwake wanaume na wanawake kwa mazungumzo ya elimu. Yasemekana kuwa Benjamin Stillingfleet, mtaalamu wa mimea, alihudhuria akiwa amevaa soksi za buluu za sufu, vazi la kila siku, badala ya soksi nyeusi za hariri zilizopasa barazani. Hivyo jina lilitokana na miguu ya mwanamume, kisha likawaganda wanawake.

Wafaransa walilitafsiri neno hili sawasawa, wakasema bas-bleu, nao wakalifanya tusi la kumwitia mwanamke aandikaye vitabu. Katika sarufi yao nomino hiyo ni ya kiume, nayo ilibaki ya kiume hata ilipotajiwa mwanamke. Kiswahili hakigawi ngeli zake kwa kiume na kike. Kwa hiyo jambo hili laweza kumpita msomaji wetu. Kila jina hilo lilipotamkwa, sarufi yenyewe ilimtoa bibi yule katika wanawake wenziwe. Dhihaka ilikuwa imekwisha kuingia katika lugha kabla mchoraji hajashika kalamu.

Mchoraji mwenyewe alikuwa Honoré Daumier (1808–1879). Baina ya Januari na Agosti 1844, gazeti la Le Charivari la Paris lilitoa picha zake 40 zilizoitwa Les Bas-bleus, zilizochorwa juu ya mawe na kupigwa chapa. Katika moja, mwanamke ajitazama kiooni, aona umbo lake limekonda, kisha ajifariji kwa usemi kuwa kipaji hakina mume wala mke. Katika nyingine, mama amezama katika kuandika, na mtoto wake amezama kichwa chini katika maji ya kuogea. Hata kabla ya hapo, mwaka 1839, Daumier alikuwa amemchora mume mwenye suruali mbovu akimlaumu mwandishi George Sand kwa kuwazuia wake za watu kushona viraka.

Kwa nini dhihaka hii? Daumier alifungwa mwaka 1832 kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu lilalo mali ya raia. Sheria ya Septemba 1835 ikaamuru kila picha ipate kibali kabla ya kutolewa, na wachoraji wakageukia mambo ya nyumbani. Basi, asiyeweza kumcheka mfalme alimcheka asiye na mamlaka. Lakini sababu hiyo haitoshi. Mfalme alipopinduliwa mwaka 1848, Daumier aliwachora kwa mzaha wanawake waliodai talaka, na mwaka 1849 wale waliofuata ujamaa. Mkono huohuo ndio uliochora, mwaka 1834, wakazi wa Rue Transnonain waliouawa na askari nyumbani mwao. Aliyewahurumia wanyonge hivyo hakumwona mnyonge aliyekuwa ameketi mezani na kalamu mkononi.

Naye alikuwa mnyonge kweli. Sheria ya mwaka 1804 ilimlazimu mke kumtii mumewe; talaka ilifutwa mwaka 1816, isirudishwe mpaka 1884. Mwanamke wa kwanza kupata shahada ya baccalauréat, Julie-Victoire Daubié, aliipata mwaka 1861, na sheria ya shule za sekondari za serikali kwa wasichana ilipitishwa mwaka 1880.

Sasa turudi kwenye picha ya mtoto aliyezama. Wasomaji wa gazeti walicheka kwa kuwa mama amesahau kazi yake. Baba hayumo pichani, wala hakuna aliyetarajiwa kuuliza yu wapi. Hapo ndipo picha hii inapompa mwanahistoria ushahidi mkubwa kuliko mchoraji alivyokusudia. Haitwambii wanawake wa Paris waliandika nini, wala waliandika vizuri au vibaya. Yatwambia ni nani aliyetakiwa kutoa hesabu ya saa zake, na ni nani aliyesamehewa kutoa hesabu hiyo. Kwa hiyo, atakayetumia picha za dhihaka kama shahidi wa zama zake na ausifu ustadi wa mchoraji, lakini kwanza na amtafute yule asiyechorwa.