Fisi wa Kismayo, mbwamwitu wa London

Kuna filamu moja ya mwaka 1981 ambayo wapenzi wa sinema hawachoki kuizungumza. Jina lake ni An American Werewolf in London. Ukiwauliza waipendea nini, wengi hawatakutajia mapenzi yaliyomo wala mwisho wake. Watakutajia dakika chache tu: kijana yuko peke yake sebuleni, mwezi mpevu umetoka, mara kiganja chaanza kurefuka, uti wa mgongo wapanda, uso wachomoza mbele kama mdomo wa mnyama. Hakuna kompyuta hapo. Yote ni mpira, nywele na mikono ya watu. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado watu huirudisha nyuma sehemu ile waitazame tena.

Sisi wa pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni tuna sababu yetu ya kuitazama. Upande wetu wa Afrika, habari ya mtu anayegeuka mnyama usiku ilikuwepo kabla ya sinema kuzaliwa. Ila kuna tofauti moja, nayo si ndogo. Katika masimulizi ya zamani, mara nyingi fundi ndiye aliyeshukiwa kuwa mnyama. Katika filamu hii fundi ndiye aliyemuunda mnyama, na akapewa tuzo.

Kijiti cha fisi

Wasomali humwita Qori Ismaris, yaani anayejisugua kwa kijiti. Jua likizama hujisugua kijiti chake cha uganga, akawa fisi, akaenda zake kuwinda. Kabla ya alfajiri hujisugua tena, akarudi kuwa mtu. Asubuhi utamkuta sokoni ananunua maziwa kama wewe na mimi. Hadithi ni ya Wasomali, lakini Kismayo ni mji wa mchanganyiko: Wabajuni, Wasomali wa koo mbalimbali, Wabantu wa bonde la Juba. Hadithi haina ukuta, huvuka kutoka baraza hii hadi ile. Mbwamwitu wa Ulaya sisi hatumjui. Mnyama anayecheka gizani, sisi twamwita fisi.

Ukienda mbele hadi Ethiopia utakuta imani ya buda, watu wanaodaiwa kuwa na jicho baya na kugeuka fisi usiku. Na akina nani walioshukiwa sana? Wahunzi na wafinyanzi. Yaani yule anayekutengenezea jembe na chungu, ambaye huwezi kuishi bila kazi yake, ndiye unayemwogopa na kukataa kumpa binti yako. Somalia pia wahunzi walitengwa, hawakuozwa katika koo kubwa. Na sisi wavuvi twajua vizuri mfugaji wa ngamia alivyomtazama mtu anayeishi kwa samaki.

Sasa angalia jambo moja katika hadithi ya kijiti. Haielezi kugeuka kwenyewe kunavyokwenda. Hakuna aliyeona. Kijiti, giza, basi fisi. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Jirani akikwambia wewe ni fisi, utajitetea kwa nini? Utasema usiku ulikuwa umelala. Naye atasema ndiyo, fisi wote husema hivyo. Kitu kisichoonekana hakikanushiki.

Chini ya taa

Ulaya na Marekani nao walianza na giza. Katika filamu ya The Wolf Man ya mwaka 1941, fundi wa sura Jack Pierce alimbandika mwigizaji Lon Chaney Jr. nywele za yaki, yule ng'ombe wa milimani huko Asia. Zile picha za kugeuka zilihitaji subira: kiungo kinatulizwa, kinapigwa picha, zaongezwa nywele, kinapigwa tena, kisha picha zaunganishwa moja ikififia ndani ya nyingine. Ilikuwa kazi kubwa kwa wakati wake, lakini mwenye kugeuka alikaa kimya kama maiti.

Mwaka 1969 kijana Mmarekani, John Landis, alikuwa mfanyakazi mdogo kwenye filamu iliyokuwa ikipigwa Yugoslavia. Huko, kwa masimulizi yake mwenyewe, alipita njia panda akakuta Waroma wakimzika mtu wao kwa namna ambayo hataweza kufufuka, pamoja na vitunguu saumu. Landis alishangaa: hawa hawafanyi mzaha, waamini. Akajiuliza yeye asiyeamini angefanya nini kama yule maiti angeamka kweli. Akaandika hadithi yake, kisha ikakaa kwenye karatasi kwa zaidi ya miaka 10 kabla ya kupata fedha.

Alipozipata alimwita Rick Baker, ambaye alishamwahidi kazi hiyo zamani. Baker alikuwa ameanza kusaidia filamu nyingine ya mbwamwitu, The Howling. Akamwachia kazi hiyo mwanafunzi wake Rob Bottin, naye akaenda kwa Landis. Sharti la Landis lilikuwa gumu: mtu ageuke akiwa anajongea, aumie, apige kelele, na yote yafanyike chini ya taa zinazowaka. Hakuna kivuli cha kumfichia fundi makosa.

Baker na vijana wake waliunda vichwa na mikono ya bandia ambayo ndani yake kulikuwa na vyuma vya kusukuma. Fundi akisukuma kutoka nje ya picha, ngozi ya mpira ilinyooka na mfupa ukaonekana kurefuka. Ili nywele zionekane zikiota, walizipenyeza kwenye kipande cha ngozi bandia, wakazivuta kwa nyuma zipotee ndani, kisha wakaicheza picha kinyumenyume. Pale ambapo David Naughton anaonekana kichwa na mikono tu ni vyake, na mwili uliobaki ni wa mnyama, mwili wake halisi ulikuwa umefichwa chini ya sakafu iliyotobolewa. Na yule mbwamwitu wa miguu minne mwishoni? Ndani yake kulikuwa na mtu amelala kifudifudi, huku wenzake wakimsukuma kwa nyuma kama toroli.

Mwezi wa Machi 1982 Baker alipewa Oscar ya mekapu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kuwa na fungu lake la kushindaniwa kila mwaka. Kazi ambayo ilikuwa haina jina ikapata jina.

Wapenzi wa filamu hii hawapotezi utamu kwa kujua haya. Kinyume chake, wakijua ndiyo wazidi kuipenda. Mtu wa bahari ataelewa upesi. Hatutazami jahazi tukasema limeletwa na majini. Twauliza: limeundwa na nani, mbao gani, kalafati nani kalitia? Wazee wa pwani hii waliwahi kuunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, tanga likiwa la mkeka. Kujua ulivyoshonwa hakupunguzi ajabu ya mtepe. Ndiko kunakoiongeza.

Rafiki aliyekufa

Lakini ufundi peke yake haungeifikisha filamu hapa. Kuna hadithi ndani yake, na hadithi hiyo yatugusa pabaya.

Vijana wawili Wamarekani, David na Jack, wasafiri kwa miguu kaskazini mwa Uingereza. Waingia kwenye kilabu cha pombe cha kijijini. Wenyeji wajua kuna mnyama huko nje, lakini hawasemi. Wawaambia tu wasiache barabara na wajihadhari na mwezi, kisha wawaacha wageni watoke gizani. Jack auawa. David aumwa na kubaki hai, na kuumwa huko ndiko kunakomgeuza. Kabla mnyama hajafika palikuwa na unyamavu wa watu wenye habari. Msomaji uliyewahi kufika ugenini, ukaambiwa nusu ya jambo na mtu aliyelijua lote, wewe mwenyewe malizia.

Baadaye Jack anarudi kumtembelea rafiki yake hospitalini. Amekufa, shingo imeraruka, na kila akija tena amezidi kuoza. Lakini anaongea kama zamani, anatania, analalamika kwamba kufa kunachosha. Hapo watazamaji hucheka, halafu kicheko kinawakwama. Wengine huuliza inakuwaje filamu moja ikatisha na kuchekesha papo hapo. Kwetu swali hilo si gumu. Nani kati yetu hana rafiki au ndugu aliyebaki kule, ambaye huja usingizini akiwa na utani uleule? Twamcheka tukiwa tumelala, twaamka tukilia.

Na kuna ndoto ya David. Yuko nyumbani kwao Marekani, watoto watazama televisheni. Mlango wagongwa. Waingia viumbe wenye sura za wanyama wamevaa sare za jeshi la Wanazi, wapiga risasi familia nzima, wachoma nyumba. David ni Myahudi, na Landis aliyemuandika ni Myahudi vilevile. Mauaji makubwa ya Wayahudi yalikuwa yameisha mwaka 1945, na David amezaliwa baada yake, katika nchi nyingine, katika nyumba salama. Hata hivyo hofu ilimfuata usingizini. Sisi ambao vita vilitukuta Kismayo na visiwani, Chovai, Chula, Koyama, kuanzia mwaka 1991, tukaibiwa vyombo na nyavu, tukapanda majahazi kwenda Kenya, hatuhitaji mtu wa kututafsiria ndoto hiyo. Wale wanamgambo hawakujisugua kijiti. Walikuja mchana, na sura zao zilikuwa za watu.

Njia iliyotufikisha

Filamu yenyewe wengi pwani hawakuiona mapema. Tuliona watoto wake. Michael Jackson aliitazama, akamtafuta Landis amtengenezee Thriller, iliyotoka Desemba 1983 ikiwa na Baker yuleyule kwenye mekapu. Kanda za video ziliibeba Thriller hadi Mombasa, Mogadishu, Zanzibar, na popote palipokuwa na jenereta na televisheni moja. Mwanzoni mwake pana tangazo la Jackson kwamba haungi mkono mambo ya uchawi, kwa sababu dini yake ilimtia wasiwasi. Basi hata yeye alikuwa na wazee wa kuwajibu!

Halafu mwaka 1988 ikaja Coming to America, na hiyo nani hajaiona? Landis tena, Baker tena. Yule mzee wa Kizungu anayepiga soga kwenye kinyozi ni Eddie Murphy mwenyewe ndani ya mpira na rangi. Mwambie hivyo mtu aliyeitazama mara kumi bila kujua, uone atakavyoshika kichwa.

Wabajuni waliowekwa kambi ya Jomvu, Mombasa, hadi ilipofungwa mwaka 1997, walikuwa katika mji wa sinema na vibanda vya video. Kutoka huko wengine walirudi visiwani, wengine wakatawanyika hadi kambi nyingine na nchi za mbali. Nguo na vyungu vilipotea njiani. Hadithi za picha hazikupotea, kwa sababu hazina uzito wa kubeba.

Na ufundi wenyewe umeota hapa Afrika Mashariki. Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha za Kiswahili zenye mizimu na majini tunaowajua. Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na damu ni rangi nyekundu ndani ya kondomu inayopasuka. Watazamaji wa dunia nzima wacheka na kushangilia kwa sababu ileile ya mwaka 1981: waona mkono wa mtu.

Tuonyeshe na kiwanda

Katika kambi yoyote uvumi hukimbia kuliko gari la maji. Mtoto akifa ghafla, mbuzi akipotea, huanza kutafutwa mwenye jicho baya. Mara nyingi atakayetajwa ni mjane, mgeni, mtu wa kabila dogo, au yule mwenye kazi ya mikono inayodharauliwa. Wafanyakazi wa mashirika hutuletea mabango ya kutukataza. Bango halikatazi hofu.

Mimi napendekeza njia nyingine. Vijana wanaopenda filamu hizi waonyeshwe pia jinsi zinavyotengenezwa: uso wa mpira kabla haujavaliwa, nywele zikivutwa kinyumenyume, mtu akitoka ndani ya mbwamwitu akifuta jasho. Watu wazima wachague sehemu kwanza, maana filamu ya Landis ina uchi na damu nyingi, haifai kuwekewa watoto. Kisha wazee wasimulie Qori Ismaris wakiwa palepale, na vijana wawaulize lile swali ambalo hadithi imelikwepa miaka yote: nani alimwona akigeuka?

Kijana aliyezoea kuuliza kitu kimeundwaje hatakimbilia jiwe siku jirani yake atakapoitwa fisi. Na fundi wa kambini, anayefua jiko kutokana na debe la mafuta, apate kusalimiwa kwa jina lake, mchana, mbele za watu.