Nafasi ya Mtoto Katika Kitabu cha Picha

Kitabu kizuri cha picha kwa mtoto wa darasa la awali ni hadithi ambayo nusu yake haijaandikwa. Mtoto ndiye anayeikamilisha. Usimulizi wa Marekani, wa Japani na wetu wa Kiswahili wote unamwachia nafasi hiyo, ila kila mmoja unaiweka mahali pake.

Mwaka 1963 Mmarekani Maurice Sendak alitoa Where the Wild Things Are, hadithi ya Max, mtoto mtukutu anayepelekwa kulala bila kula, kisha chumba chake kikaota msitu. Mwanzoni picha ni ndogo, zimezungukwa na weupe wa karatasi. Kadiri miti inavyoota, nazo zinatanuka hadi kuvuka ukurasa. Max anapocheza na madubwana, maneno yanatoweka: kurasa sita mfululizo ni picha tupu. Ukurasa wa mwisho nao una maneno peke yake, bila picha. Nafasi ya mtoto imo ndani ya karatasi yenyewe. Hata akiwa peke yake na kitabu ataikuta.

Katika Japani ya miaka ya 1930, msimulizi wa kamishibai, yaani hadithi za kadi za picha, alifika mtaani kwa baiskeli, akagonga vijiti vya mbao kuwaita watoto, akawauzia peremende, ndipo akaanza kuonyesha kadi za picha ndani ya kisanduku cha mbao. Maneno huandikwa mgongoni mwa kadi, na kwa ufundi: yale ya picha ya kwanza yako nyuma ya kadi ya mwisho, inayomwelekea msimulizi. Hivyo anasoma huku uso wake ukiwaelekea watoto. Akitaka, anaivuta kadi nusu tu na kusita: mkono wa mgeni umeonekana, uso bado. Hapo nafasi ya mtoto ni muda wa kungoja.

Kwetu, fanani hakuhitaji karatasi. Akisema "Paukwa!", hadhira inaitika "Pakawa!", na kuanzia hapo hadithi ni ya wote. Sungura akiimba, watoto wanaimba. Fisi akidanganywa, wanamcheka. Nafasi ya mtoto iko kinywani mwake, na sura ya Fisi anaichora mwenyewe kichwani. John Kilaka wa Tanzania amezihamishia hadithi za aina hii vitabuni, kwa rangi kali za mtindo wa uchoraji wa Tingatinga na wanyama waliovaa nguo za watu.

Inasikitisha kwamba katika madarasa yetu mengi kitabu kinapofika, fanani anaondoka. Mwalimu anasoma sentensi, watoto wanaifuatisha kwa pamoja. Anaonyesha picha: "Hiki nini?" "Ng'ombe!" Swali limekwisha, na mtoto hakuombwa kufikiri lolote.

Ni kweli madarasa yamejaa na huenda nakala ni moja tu. Lakini kamishibai ilizaliwa kwa ajili ya umati na seti moja ya picha. Chukua ukurasa ambao Sungura anabisha hodi, funika nusu yake kwa daftari, kisha uliza: "Nani yuko ndani?" Mmoja atasema Simba, mwingine bibi yake Sungura. Usiharakishe kusahihisha, uliza, "Umejuaje?" Mtoto atarudi kwenye picha kutafuta ushahidi: kivuli, nyayo, ncha ya mkia. Kuitafuta maana hivyo ndiko kusoma, hata kabla hajaijua herufi moja.

Sendak anatufundisha kuchagua kitabu kisichosema kila kitu. Kamishibai inatufundisha kukishika na kukifunua taratibu. Fanani anatufundisha kungoja jibu na kulipokea, na hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mwalimu aliyezoea jibu moja sahihi. Ndilo pia tulilorithi. Vyuo vyetu vya ualimu viupe usimulizi saa zake kwenye ratiba, na mwanachuo apimwe akiwa na kitabu cha picha mkononi mbele ya watoto wenyewe.