Uhaba wa kioo uliozaa shule ya mwanga

Septemba 1914, wiki chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulipuka, Lord Roberts, jemadari mstaafu wa Uingereza, aliwaomba wananchi wenzake kitu ambacho jeshi kubwa halikupaswa kukiomba: darubini. Wenye nazo, zikiwemo zile za kutazamia mbio za farasi, walitakiwa wawaazime maofisa waliokuwa wakienda vitani Ufaransa. Dola iliyotawala bahari haikuwa na darubini za kuwatosha watu wake.

Chanzo kilikuwa Jena, mji mdogo wa Ujerumani. Huko, tangu 1866, Ernst Abbe, mwalimu wa chuo kikuu cha mji huo, alishirikiana na karakana ya Carl Zeiss, na hadubini zikaanza kuundwa kwa hesabu badala ya kubahatisha. Mwaka 1884 wakaungana na mkemia Otto Schott kufungua kiwanda cha kioo. Kioo cha lenzi kina masharti mengi kuliko cha dirisha. Hakitakiwi kiwe na kiputo wala mchirizi, na kila donge lipinde mwanga kwa kiwango kilekile alichoahidiwa mnunuzi. Mataifa mengi yakazoea kununua Jena. Vita ilipofunga njia, yakagundua kwamba kioo hayana, na mafundi wa kukipigia hesabu nao ni wa kutafuta.

Mwaka 1917 chuo cha Imperial, London, kikaanza kufundisha optiki, yaani sayansi ya mwanga na lenzi. Profesa aliyekabidhiwa somo la kuunda lenzi alikuwa Alexander Conrady, aliyezaliwa na kusoma Ujerumani, kisha akafanya kazi kwa watengenezaji wa hadubini London. Yaani Waingereza walipotaka kuacha kuwategemea Wajerumani, mwalimu wao alikuwa Mjerumani wa kuzaliwa. Vita nayo ina vichekesho vyake.

Marekani nayo ilikuwa na mji wake wa lenzi, Rochester, katika jimbo la New York, makao ya Bausch & Lomb na ya Kodak, kampuni ya George Eastman. Nchi ilipoingia vitani mwaka huohuo wa 1917, wanasayansi walipelekwa kutoka Washington hadi Bausch & Lomb kusaidia kuyeyusha kioo. Somo halikusahaulika. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Rochester kilifungua Taasisi ya Optiki, ya kwanza ya aina yake Marekani, kampuni hizo mbili zikichangia fedha.

Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwa kijana wa Kiingereza, Rudolf Kingslake, mwanafunzi wa Conrady. Alivuka bahari akiwa ndiyo kwanza ameoa, na mkewe, Hilda, alikuwa binti wa Conrady, naye msomi wa optiki kutoka Imperial. Kwa hiyo elimu ya London ilihamia Rochester kwa njia ya ndoa pia.

Walichofundisha kilihitaji subira. Waliosoma sekondari enzi za jedwali la tarakimu nne, kabla ya kikokotoo, watanielewa haraka. Unachukua mwale mmoja wa mwanga unaogonga uso wa kwanza wa lenzi. Unatafuta logi ya saini ya pembe, unajumlisha, unatoa, unarudi kwenye jedwali, unapata pembe mpya. Hapo umemaliza uso mmoja. Lenzi ya kamera yenye vioo vinne ina nyuso saba au nane. Kisha unaanza upya kwa mwale unaopita karibu na ukingo, halafu wa rangi nyekundu, halafu wa bluu, kwa sababu kila rangi hupinda kivyake. Mwishoni ukikuta miale haikutani pahali pamoja, unabadilisha mbinuko wa uso mmoja na kurudi mwanzo. Kingslake alijiunga na Kodak mwaka 1937, akaja kuongoza idara yake ya kuunda lenzi, lakini hakuacha kufundisha. Conrady alifariki mwaka 1944 kitabu chake kikuu kikiwa hakijakamilika, na ni mkwewe aliyetoa sehemu yake ya pili mwaka 1960.

Mwaka huo wa 1960 ndio leza ya kwanza ilipowaka, na mambo yakabadilika. Miaka ya 1980, hapo Rochester, Gérard Mourou na mwanafunzi wake wa uzamivu Donna Strickland walikabiliwa na kikwazo kilichowashinda wengi: ukikuza mpigo mfupi wa leza kupita kiasi, unaunguza kifaa chenyewe kinachoukuza. Dawa yao ni kama abiria wanaogombea mlango wa daladala: wapange foleni kwanza, wapite bila kuvunja kitu, wakusanyike tena mbele. Waliupitisha mpigo katika kilomita 1.4 za uzi wa kioo, wa jamii ya ule wa mkongo wa mawasiliano, ukarefuka na nguvu yake ikatawanyika. Wakaukuza ukiwa hivyo, kisha wakaubana ukawa mfupi tena, safari hii ukiwa na nguvu kubwa.

Makala yao ya 1985, ya kwanza kwa Strickland katika sayansi, ina kurasa chache tu. Leza za mipigo mifupi za aina hiyo leo hutumika katika upasuaji wa macho. Mwaka 2018 wawili hao waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia, nusu nyingine ikienda kwa Arthur Ashkin. Strickland akawa mwanamke wa tatu kuipata, baada ya Marie Curie na Maria Goeppert Mayer.

Kodak, iliyochangia kuanzisha taasisi ili ipate waunda lenzi, iliomba mahakama iikinge na wadai wake Januari 2012, biashara ya filamu ikiwa imeporomoka. Taasisi bado inatoa shahada za optiki. Kwa maoni yangu, katika fedha zote ambazo kampuni hiyo ilimwaga Rochester, hizo za 1929 zilitumika vizuri kuliko nyingine zozote.